Geji Niliyoivika Kofia

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na nalisema mapema kabla hamjasimuliwa na mwingine kwa kutia chumvi.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi magari. Miaka minne gerejini kazi yake ilikuwa kuwashikia wenzake tochi, mpaka bosi alipomwachia injini moja aifungue na kuifunga peke yake: injini ya dizeli ya gari ninaloendesha mimi, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Sharti lilikuwa fupi. Lipande mlima na mzigo, lirudi zima. Injini ikinoki, anarudi kwenye tochi.

Tukapakia kokoto, tukaanza kupanda. Pembeni ya dashibodi shemeji alikuwa amefunga geji ndogo ya joto la oili.

"Hii saa yako inafuata majira ya wapi?" nikamchokoza.

"Inapima oili, shemeji. Ikifika mia na thelathini, tunasimama."

Kona ya tatu, mia na ishirini. Kona ya tano, mia na thelathini. Mshale wa maji, ule uliotoka na gari kiwandani, umetulia katikati kama bwana harusi.

"Simama."

"Maji hayajachemka, oili ichemkie nini? Geji yako ina homa."

"Shemeji, simama."

Nikavua kofia, nikaivika geji. Nikacheka, peke yangu.

"Simama!"

Akaitoa kofia. Mia na thelathini na nane. Safari hii hakupaza sauti: "Simama. Hii ndiyo injini yangu."

Hapo harufu ya oili iliyoungua ikanifikia puani. Nikasimama, nikapeleka mkono kwenye ufunguo. Akanichapa kofi mkononi.

"Usizime! Iache ingurume polepole, oili izunguke ipoe."

Akafungulia hita mpaka mwisho ivute joto la injini. Nikakaa pale natokwa jasho kama ninayeungama. Geji iliposhuka vizuri akazima, akafungua boneti.

"Shika tochi," akaniambia.

Nikashika.

Kati ya rejeta na ile nyembamba ya kiyoyozi iliyo mbele yake, tope lilikuwa limejaa kama plasta. Hewa ingepita wapi?

"Nani aliosha gari?"

Mimi. Jana yake, kwa mpira wa maji ya presha, kutoka mbele, ili gari ling'ae siku ya shemeji. Tope lote la shambani nililisukumia ndani kwa mikono yangu.

Akamimina maji ya dumu kutokea upande wa feni, akisugua kwa brashi laini, mpaka yakatoka meupe. Tukapanda tena. Oili haikuvuka mia na kumi na tano hadi kileleni.

Gerejini bosi alisikiliza injini, akavuta kijiti cha oili, akakinusa, akamwambia shemeji kesho kuna nyingine ya kufungua.

Mimi je, nikanyamaza? Wapi.

"Lakini mshale wa maji haukusogea!"

"Ule umetengenezwa usiwatie watu wasiwasi. Joto la maji likizidi kidogo, wala haushtuki."

"Basi ungenisisitiza, shemeji. Mtu husisitizwa."

"Nimesema simama mara nne," akajibu, akifuta mikono. "Ya tano nitamwachia dada, akuambie nyumbani."