Mikono Minne na Shubiri

Takia lilikwama mlangoni, nusu ndani ya mashua, nusu nje. Haidar akalisukuma kwa goti, akalisukuma kwa bega, na mwishowe akalisukuma kwa maneno ambayo mtu aliyekwisha kuoga kwa ajili ya sala ya Ijumaa hapaswi kuyatamka. Likaingia. Lakini kulala kitandani halikulala. Kitanda cha mbao kifupi, takia refu, basi likajikunja katikati na kuinua mgongo kama paka aliyeona mbwa. Akaleta la pili. La pili nalo vilevile.

"Sixbert!" akapiga kelele, ingawa Sixbert alikuwa Dunda kwenye kibanda chake cha kutengeneza makochi, hana habari.

Na kesho yake alfajiri ndiyo ilikuwa siku ya safari.

Mashua yenyewe ilikuwa ndogo, ya tanga moja, yenye kichumba ndani na vitanda viwili, kimoja kila upande. Haidar aliinunua miaka miwili nyuma, alipostaafu ukarani wa bandarini, bila kumshauri mkewe, Mgeni. Mgeni alipopewa habari alikuwa kwenye cherehani akishona sare za shule, wala hakuinua kichwa. "Hicho chombo chako," alisema, "sitakitia sindano wala mguu." Na Mgeni akisema, amesema. Tangu siku hiyo Haidar alikwenda Saadani peke yake, akarudi peke yake, akanywa chai ya chupa peke yake, na jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba upweke huo ulikuwa umemchosha.

Ndipo Somoe, mdogo wake Mgeni aliyeko Pangani, alipotangaza harusi ya binti yake. Haidar akajitia ujasiri, akasema twende kwa mashua, tulale Saadani usiku mmoja. "Nilale juu ya yale matambara yanayonuka panya?" akauliza Mgeni. Hakusema hapana! Haidar kwa furaha akayabeba matakia ya zamani siku ileile, akayachoma moto ufukweni mbele ya watu. Kwamba fundi angeyahitaji kwa kuchukua kipimo, hilo lilimjia majivu yamekwisha kupoa.

"Sawa," Mgeni alisema. "Ijumaa jioni nikiambiwa yapo na yanalalika, nitakwenda nawe. Kama hayapo, tiketi yangu ya basi ninayo."

Sasa ndiyo Ijumaa yenyewe. Haidar akayafunga matakia juu ya bodaboda, akakaa nyuma ameyakumbatia kuelekea Dunda, na kila aliyemwona njiani alimsalimu kwa kicheko.

"Shikamoo, mzee," alisema Sixbert. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye mikono ya kuangulia maembe bila upembo.

"Marahaba. Na usiniamkie tena mpaka unieleze umemshonea nani haya. Twiga?"

"Nimeshona kama ulivyoandika, mzee." Sixbert akatoa karatasi chini ya mkasi, akaisoma polepole. "Urefu, mikono minne na shubiri moja."

"Ndiyo! Mikono minne na shubiri!"

"Nami ndivyo nilivyopima." Sixbert akaweka kiwiko pembeni mwa meza, akanyoosha vidole. "Mmoja." Akasogeza kiwiko. "Miwili."

Haidar akautazama mkono ule. Akautazama na wake. Fundi viatu wa kibanda cha jirani akaacha kupiga nyundo ili asikie vizuri.

"Mkono wangu, Sixbert! Kipimo ni mkono wa mwenye chombo! Babu yangu ameunda vyombo kwa mkono wake, hakuna hata siku moja aliyemuuliza ni mkono upi!"

"Hukuniachia, mzee."

Fundi viatu akacheka mpaka akashika ukuta. Haidar akamgeukia Sixbert kwa hasira mpya. Kwa nini basi hakuja kukiona chombo, kama fundi mwenye akili zake?

"Nilikuomba nije na futi," Sixbert akasema kwa upole, na upole huo ndio uliouma zaidi. "Ukasema futi ni ya wanaojifunza."

Alikuwa amesema hivyo kweli, tena kwa sauti. Haidar akaomba yakatwe leo hiihii. Sixbert akaonyesha makochi matatu ya bwana harusi wa Kerege yaliyosubiri kitambaa. Jumatatu, mzee, Mungu akipenda.

Nyumbani habari zilikwisha kufika. Bagamoyo habari haipandi bodaboda, inatangulia. Mgeni alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, na kwenye meza nyuma yake begi lake la safari lilikuwa limefungwa. Haidar alipoliona begi lile akawaza basi. Akaanza kueleza habari za babu yake.

"Mwache babu wa watu apumzike," Mgeni akamkata. Akageuza takia, akavuta mshono, akaifungua zipu na kuifunga. "Kazi nzuri. Huyu kijana hana kosa hata moja. Thelathini na moja! Miaka thelathini na moja nakwambia, Baba Nasrin, uliza, pima, tazama. Unaniambia unajua." Akaingia ndani, akatoka na mkasi, kisu cha mkate, sindano ya magunia, na futi yake ya cherehani shingoni. "Maji yamekupwa?"

"Yamekupwa."

"Basi beba mizigo yako. Unasimama kama mlingoti."

Mashua ilikuwa imekaa juu ya mchanga mtupu. Mgeni akapandisha buibui, akapita madimbwi, akapanda. Haidar alimpa mkono; hakuupokea. Ndani akainama, akanusa, akagonga mbao kwa kidole, akapima kitanda cha kushoto. Kisha akapima cha kulia, akarudia tena.

"Hiki kingine ulikipima?"

"Vinafanana."

"Vinafanana! Kimepungua vidole vinne, Baba Nasrin. Vinne!"

Akakata sponji kwa kisu cha mkate, akisonya kila anapovuta. Takia la kwanza likalala kitandani, tuli, pembe kwa pembe. Mgeni akakaa juu yake, akapunguza foronya, akatunga uzi. Kisha akamwambia mumewe anyooshe mkono, akaulazia futi kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole.

"Sentimita arobaini na sita. Iandike. Siku nyingine umwachie fundi."

Haidar akaandika. Alipoinua macho, akaiona sindano ikiingia na kutoka kwenye kitambaa cha mashua yake, na chini yake miguu ya Mgeni, mitupu, yenye mchanga, imekaa sawasawa juu ya mbao za mashua yake. Sindano. Na mguu. Miaka miwili alikuwa akiyangoja haya, na neno lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi. Akafungua mdomo.

"Ukilisema," alisema Mgeni bila kuinua kichwa, "napanda basi."

Haidar akafunga mdomo, akamshikia kitambaa.