Kumwogesha Baba

Binti wa dereva wa lori alipomaliza sekondari aliomba kujitolea katika wodi ya wanaume, maana alitaka kusomea uuguzi. Baba yake alicheka mpaka akapaliwa.

"Yaani unakwenda kuwafulia watu mashuka bure? Si bora ukae nyumbani unifulie mimi!"

"Nafundishwa kazi, baba."

"Haya, muuguzi wangu."

Alijifunza kulisha, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulala, kutandika kitanda chenye mtu. Kisha baba akapooza upande mmoja, ulimi ukawa mzito, akaletwa wodi ileile. Binti ndiye aliyemnywesha uji. Saa ya kuogeshwa ikifika, muuguzi wa kiume waliyemwita Mrefu alivuta pazia, naye binti akatoka nje. Ndivyo ilivyofaa, na baba alimshukuru kwa macho.

Asubuhi moja Mrefu aliitwa chumba cha dharura. Huku nyuma baba akajichafua. Harufu ikaenea; mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia ukutani. Binti alichungulia korido, akasubiri, akachungulia tena. Mwishowe alivaa glavu akavuta pazia.

Baba alitikisa kichwa. Akang'ang'ania shuka kwa mkono wake mzima.

"Si mtu baki, baba. Ni mimi."

Ndiyo sababu alikuwa anakataa, ila binti hakulielewa hilo. Aliubandua mkono ule kidole kimoja kimoja, akamwogesha haraka na vizuri kama alivyofundishwa, huku akiongea habari za lori na barabara mbovu ili kuua aibu. Alipomaliza, baba alikuwa analia bila sauti.

Tangu hapo hakumtazama tena. Uji aliupokea akiwa amefumba macho. Juma halikuisha, akafariki.

"Umemtunza baba yako, mwanangu," mama alimwambia msibani. "Mungu akulipe."

Binti aliinama akaendelea kuosha vikombe. Msimamizi wa wodi alimsifia, chuo kikampokea. Mama alipopiga vigelegele, yeye alijifungia bafuni akalia mpaka sauti ikamkauka.

Sasa ni muuguzi. Akimfikia mzee na beseni, huliweka chini kwanza, humwita baba, humuuliza kama aendelee au amtafutie mwanamume. Wazee wengine humgombeza kwamba maji yanapoa. Yeye husubiri mpaka waseme ndiyo.