Shimo la Taka la Marehemu Evarist

…kizibo cha soda tena, hicho hakihitaji hata kuinama, kinalia kama mtu aliyepaliwa, kinaanza, kinakatika, kinaanza upya, na Damiano akairudisha sahani ya mashine kushoto, juu ya shimo la taka la marehemu baba yake, akausikiliza mkwaruzo ule ule chini ya hedifoni, kisha akasema kwa sauti bila kugeuka, kizibo, na nyuma yake Bwana Celestin, mpima wa ardhi, akaandika, kwa sababu fomu ina safu ya vitu vilivyogunduliwa na safu haipaswi kuachwa wazi, kwa hiyo mpaka saa nne hii ya asubuhi Serikali ilikuwa na kumbukumbu rasmi ya vizibo kumi na tisa, betri sita na kijiko kimoja, pamoja na tarehe na sahihi, ila bikoni ndiyo hakuna, bikoni moja tu, nondo yenye urefu wa mkono iliyosimikwa wima kwenye zege kwenye kona ya kiwanja, wapima wa zamani waliiweka wakaichora kwenye ramani, ramani ikatiwa kwenye faili, faili likapandishwa lori mkoa ulipogawanywa na mpaka leo hakuna aliyeliona likishuka, na kwa kuwa karatasi imepotea ndipo ikaamuliwa kwamba chuma chenyewe kitafutwe, nacho kifaa cha ofisi cha kutafutia chuma kiko matengenezo, mlalamikaji alete chake, ndivyo barua ilivyosema, kana kwamba kila mlalamikaji wa Kasokola ana ditekta nyuma ya mlango pamoja na ufagio… bahati yao Damiano anayo, miaka sita anatembea nayo porini huko Litapunga akitafuta dhahabu, na Celestin alipofika kwenye mstari wa aina ya kifaa alitafuna kalamu, akaandika mashine binafsi, akauliza kama ina cheti cha uhakiki, Damiano akamwambia ina betri.

Hasira ilikuwa imemkaa kooni tangu kunakucha, kama mwiba wa samaki, ukimeza unachoma na ukitema unachoma, na kila alipoinua macho alikuwa anakiona kile chumba, chumba cha dada yake Gaudensia, ambaye sasa hivi amesimama hatua mbili kutoka kwake na jembe mkononi, akisubiri kuambiwa pa kuchimba, Gaudensia aliyerudi kutoka kwa mume miaka miwili iliyopita na sanduku moja la bati, asimlilie mtu, akafyatua matofali mwenyewe, akayachoma mwenyewe, akapandisha chumba kimoja kati ya shimo hili na ua wa minyaa, chumba kikafika usawa wa linta, ndipo mzee Luhende, jirani yao wa upande ule, akaenda kusema kwamba kimesimama kwake, na ofisi ambayo kwa miezi saba haikuwa na mafuta ya kuja kupima ikapata mafuta ya kuja kuchora X nyekundu ukutani, na lazima mtu aseme kweli, X ilikuwa nzuri, imenyooka, mchoraji ana kipaji… Gaudensia akalalamika, akajibiwa kwamba bikoni ikionekana kwenye minyaa chumba kinabaki, isipoonekana kinavunjwa ifikapo Ijumaa, hilo ndilo lililoandikwa, na mpaka ni minyaa, nani asiyejua, mtoto wa juzi anajua, Luhende peke yake katika mtaa mzima ndiye anayesema kwamba minyaa ilitembea, miaka ishirini na kitu anasema hivyo, kwenye misiba, kwenye vikao, na watu wanacheka, kwa hiyo asubuhi Damiano alianzia huko, akaipitisha mashine kwenye ule ua mwanzo mpaka mwisho, polepole, sahani ikigusa majani, kimya, hakuna kitu, kimya kama kanisa siku ya Jumatatu, ndipo akavua hedifoni akamgeukia yule mzee mbele ya majirani waliokuja kutazama, akamwambia, "Mzee Luhende, minyaa haina miguu. Bikoni ilikuwa hapa, na aliyeing'oa ni wewe," na alipolisema lilimpendeza, lilitoka likiwa limenyooka kama ile X, hata Gaudensia akaitikia kwa kichwa, naye Luhende, aliyekuja na kiti chake cha plastiki kutoka nyumbani kama mtu anayekwenda kwenye mechi, hakunyanyuka, aliiweka kofia gotini, akaitazama mashine, akalitazama shimo, akasema tu, "Marehemu baba yenu alilipenda sana shimo lake la taka," tusi gani hilo, kumtaja marehemu na taka katika pumzi moja, Damiano angemrukia kama Celestin asingeingia kati na mita yake, akieleza kwamba amepima kutoka barabarani kwenye bikoni iliyobaki na amepata kwamba kona iko hapa kwenye minyaa au pale kwenye shimo, na kati ya hapa na pale ni hatua nne, basi kwa ukamilifu wa zoezi shimo nalo lipimwe, ukamilifu wa zoezi, angalia maneno, na bado walisubiri nusu saa simu ya bwana mazingira, kwa sababu lundo haliruhusiwi kusumbuliwa bila kibali, na kibali hakiwezi kutolewa kwa lundo lisilotambulika kisheria, kwa hiyo kwanza likatambuliwa, kwa simu, halafu likaruhusiwa kusumbuliwa.

Sawa, lisumbuliwe, alipeleka sahani mbele… mlio wa juu, mwembamba, unateleza, karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, kopo la kinywaji cha vijana, hilo linapiga kelele kama vijana wenyewe, halafu mlio mnene wenye mkia, betri ya redio, na hapo akaona paa la jiko la zamani na betri za baba zimepangwa juu yake zikiota jua ili zipate nguvu ya taarifa ya habari ya jioni, baba, Evarist, mtu wa gangi ya reli, mikono kama ngozi ya ng'ombe, hakuwahi kuzitupa mpaka zivuje, na zilipovuja ilikuwa lazima zitupwe hapa, hapa tu, ole wako utupe kwenye migomba, mama aliwahi kumwaga majivu nyuma ya nyumba akafokewa wiki nzima, taka shimoni, Romana, taka shimoni, mtu ambaye kwa mambo mengine yote alikuwa mpole kama maji ya mtungini… "Nichimbe?" aliuliza Gaudensia, sauti ikimfikia kwa mbali chini ya hedifoni, na Damiano akasema acha, betri hiyo, na Celestin akaandika, betri saba, Gaudensia akachota tu uchafu wa juu kwa jembe ili aipishe sahani, mifuko, magunzi, mchanga mweusi, na ndani ya uchafu ule kikabiringika kipande cha chuma, bawaba ya mlango, kubwa kama kiganja, imeoza kwa kutu, ikatua mbele ya kiatu chake, naye akaitazama bila kufikiri, halafu akafikiri, kwa sababu bawaba hiyo ilikuwa imelala kidole kimoja chini ya uso wa lundo, mahali alipopita mara tatu, na mashine haikusema kitu.

Akaipitisha sahani juu ya bawaba, waziwazi, mchana kweupe, kimya. Akatazama kioo kidogo kwenye mpini, na pale kwenye kona ya kioo palikuwa na ile alama, chuma kimezimwa, mashine imeambiwa isikie shaba, isikie bati laini la makopo, isikie dhahabu kama ipo, ila chuma isikisikie, na aliyeiambia ni dole gumba lake mwenyewe, alfajiri, akiiwasha, kama anavyofanya kila alfajiri kwa miaka sita, bila kutazama, kama mtu anavyojipiga ishara ya msalaba akipita mbele ya kanisa, maana kwenye machimbo ardhi imejaa misumari ya mabanda na nyaya na vichwa vya sululu, ukiacha chuma kipige kelele utakufa hujaisikia dhahabu, kitu cha kwanza fundi anachomfundisha mwenzake ni hicho, zima chuma… vizibo tu ndivyo vikaidi, hivyo hupenya, vinakwaruza hata vikikatazwa… kwa hiyo amekuja kutafuta nondo na mashine iliyokatazwa kusikia nondo, fundi, msomi wa milio, hata ofisi yenye kifaa kilichoko matengenezo isingeweza kubuni ujinga mzuri kama huu, na kile kimya cha kwenye minyaa, ule ushahidi wake, neno lile lililonyooka, aliyeing'oa ni wewe, mzee wa miaka sabini na kitu kwenye kiti cha plastiki… alitaka kucheka na badala yake akang'ata shavu kwa ndani mpaka likachonyota.

Alibonyeza kitufe, chuma kikafunguliwa, na shimo zima likamlipukia masikioni, misumari, mabati, nyembe, mfuniko wa sufuria, waya wa baiskeli, miaka yote ya nyumba yao ikinguruma kwa pamoja kama mkutano wa mtaa usio na mwenyekiti, ikabidi apunguze mwendo, apunguze pumzi, atenganishe sauti moja moja kama mtu anayechambua mchele, huu mpana unaosambaa ni bati, huo unaolia mara mbili ukija hivi na mara moja ukija hivi ni msumari umelala, huo mwingine pia umelala, chuma kikilala hubadilika kila ukibadili upande, kikisimama hakibadiliki, na hapo, karibu na ukingo, chini kabisa ya kelele, akasikia kitu kidogo kikigonga, mara moja tu, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja, akapita tena, kikagonga, akazunguka akapita kutoka upande wa chumba cha Gaudensia, kikagonga, pale pale, hakikuhama hata upana wa ukucha, akapita kwa kukata pembe, kikagonga… kimesimama, na kiko chini, chini ya betri, chini ya taka ya kwanza iliyowahi kuangukia humu, yaani kilikuwepo kabla shimo halijawa shimo.

Kabla shimo halijawa shimo, na ghafla jicho lake la kushoto likaanza kumwasha, jicho zima lisilo na kitu, kwa sababu jicho linakumbuka kabla ya kichwa, ilikuwa masika, alikuwa na miaka saba, wapima walikuwa wameondoka wiki iliyotangulia, Luhende alikuwa amekwenda kuzika ndugu Inyonga, na baba alichimba shimo la taka katikati ya mvua, nani anachimba shimo katikati ya masika, udongo unarudi ndani, akachimba hivyo hivyo, akamwita, Damiano, lete taka, na taka haikuwepo, hilo ndilo lililomshangaza hata akiwa mtoto, nyumba yao ilikuwa haina taka, kopo lilikuwa kikombe, kikombe kikivunjika kilikuwa chombo cha kuku, baba wengine huwatuma watoto chumvi, yeye alitumwa taka, akapewa karai akapita nyumba kwa nyumba akiomba, shikamoo, baba anaomba taka, na mke wa Luhende alicheka mpaka akakaa chini, akamjazia karai majivu na vigae na bawaba iliyovunjika, bawaba ya mlango, hii hii, iliyopandishwa juu na majembe ya kuchota mboji… akaibeba kichwani kwa fahari, akaimwaga pale baba alipomwonyesha, na siku mbili baadaye ndipo wakapanda minyaa, yeye na baba, hatua nne kule mbele, upande wa Luhende, yeye akishika vijiti na baba akisindilia kwa kisigino, utomvu ukamruka jichoni, siku tatu jicho limefumba, baba akambeba mgongoni akimwimbia, akimwita mwanaume, na minyaa kumbe ilikuwa na miguu, miguu miwili midogo isiyo na viatu, ya kwake… na hasira yote aliyomlimbikizia Luhende, na Celestin, na bwana mazingira na lundo lake lililotambuliwa, ikageuka ndani yake kama ng'ombe anayegeuka zizini, ikatafuta pa kutokea, ikampata baba, umenifanya shahidi bila kuniambia kesi, mzee, umenibebesha taka ya mtu nimfunike nayo mwenyewe, ukaniimbia, ukafa unasifiwa kwa usafi, padri mwenyewe alisema hivyo kaburini, mtu wa usafi… na aliyejenga juu ya wimbo wako ni Gaudensia, tofali kwa tofali.

Dole gumba lilikuwa bado kwenye kitufe. Angeliacha tu, lingekizima chuma lenyewe, limezoea, shimo lingenyamaza, na akisema kizibo kitakuwa kizibo, cha ishirini, na tarehe na sahihi, kuanzia leo mpaka mwisho wa dunia Serikali ingeapa kwamba ni kizibo, na Ijumaa wangevunja vilevile au wasingevunja, rufaa ingekwenda Mpanda, ingerudi, ingekwenda, na Luhende angekufa akichekwa, mtu ambaye alijua, alikaa pale na kofia gotini akijua, akatukanwa mwizi, na jibu alilotoa lilikuwa moja tu, tena la upole kuliko walivyostahili.

"Fundi," Celestin aliita, kalamu juu ya safu, "ni kizibo cha ishirini?"

Alipitisha sahani mara nyingine, hakuhitaji, ni masikio tu yalitaka kuonewa huruma, na kile kidogo kikabisha hodi pale pale, na Gaudensia akasogea, vumbi la matofali yake bado liko kwenye nyufa za miguu, akainua jembe.

"Nichimbe?"

"Hapana, dada," alisema Damiano, akavua hedifoni. "Nipe jembe. Hapa nachimba mimi."