Nyayo za Makaa

"Viongozi wetu," Wabwile alisema kwenye kipaza sauti, "wanaacha nyayo kubwa za makaa kuliko sisi sote." Na papo hapo akajua amelikoroga.

Madirisha ya ukumbi wa kanisa pale Kitale yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ili picha ionekane, na ndani kulikuwa na joto la kuivisha ndizi. Kwenye shuka jeupe ukutani, filamu ilikuwa ikieleza kwa Kiingereza jinsi dunia inavyozidi kupata joto, na jinsi kila mtu, kwa moto anaowasha na gari analopanda, anavyoacha alama hewani. Mzungu wa filamu aliiita alama hiyo unyayo wa kaboni. Wabwile, mkalimani wa siku hiyo, hakuwa ameonyeshwa filamu mapema. Aliambiwa tu, "Utasikia, useme, si umezoea?" Basi akasikia, akasema.

"Ati Nyayo?" Mzee Khaemba wa benchi la mbele alisimama na kofia mkononi. "Nyayo imefanya nini tena?"

Jamani, katika nchi hii ukitamka nyayo mbele ya watu wenye mvi hujataja mguu. Umetaja utawala mzima wa rais wa zamani, aliyelifanya neno hilo kaulimbiu yake, pamoja na gwaride la shule na pakiti ya maziwa.

"Nyayo ilitupea maziwa ya bule, bana! Leo mnakuja kusema imeleta jua!"

"Na msitu iligawiwa watu wakati wa nani?" mama mmoja akauliza kutoka nyuma. "Si ni wakati huo huo?"

"Hii ni kampeni! Mwaka ujao ni kura, mnadhani hatuoni?"

Ukumbi ukawa soko. Kijana mmoja alisema filamu ni ya kweli tupu, wazee waache siasa. Jirani yake akamjibu kwamba wazungu wamechoma mafuta huko kwao tangu enzi za babu, halafu ati wanakuja kumhesabia mama jiko lake. Huyo alipigiwa makofi. Jerono, binti wa shirika lililoleta filamu, ilibidi asimamishe mashine na kueleza kwamba hakuna aliyetukana serikali yoyote, si ya jana wala ya leo. Mzee Khaemba akaketi, lakini aliketi upande upande, kuonyesha kwamba hajaridhika.

Mtu huyu Wabwile, watu walimwita Spika. Siku za kazi aliendesha pikapu yenye vipaza sauti juu, akitangaza matanga, mikutano na chanjo za ng'ombe. Jumapili aliwatafsiria wahubiri wageni. Kazi hiyo ina sheria moja, na alifundishwa na mchungaji wake wa zamani: mkalimani ni bomba. Bomba haliulizi maji yametoka wapi, wala haliongezi sukari. Mhubiri akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Kuna mgeni mmoja aliyetaka kuchekesha watu, akasema kwa Kiingereza kwamba mkalimani wake ana sura ya mla rushwa. Spika akainua mkono juu, akanguruma: "Mkalimani wangu ana sura ya mla rushwa!" Hakupepesa jicho. Tangu siku hiyo watu wakasema, likitoka kwa Spika, ndilo lililosemwa.

Filamu ikaendelea. Kwenye benchi la tatu alikuwa ameketi dada yake mkubwa, Nelima, ndani ya gauni ambalo kwa kawaida hutoka sandukuni kwa ajili ya harusi tu. Alikuwa ameleta majirani zake kutoka Saboti. Watu wa kamera walimkuta kwenye tanuru lake la makaa ukingoni mwa msitu, wakamhoji mchana mzima, na tangu hapo hakuna aliyepumzika masikioni kule kijijini: nitaonekana kwa filamu! Kiingereza hakujua. Cha Wabwile alikijua kilikotoka. Baba yao alipofariki, Nelima ndiye aliyeacha shule akaanza kuchoma makaa, na mdogo wake akasoma mpaka akamaliza. Kila neno la Kiingereza alilokuwa nalo Spika lilitoka kwenye tanuru lile.

Mara uso wa Nelima ukajaa shuka zima.

"Woi, Nelima! Ni wewe!" Majirani wakampiga mapajani kwa furaha.

Na sauti ya Kiingereza, polepole, kwa uchungu mtamu wa mtu anayejua kusoma mashairi, ikasema: mtazameni mwizi wa mvua. Kila gunia analouza ni mvua anayowaibia wajukuu wake.

Kwa Kiingereza hayo ni mapambo. Lakini huku chini ya Mlima Elgon, kuiba mvua si mapambo. Wapo watu ambao husemwa kwamba wanaifunga, na mvua ikikawia watu hao huenda kuulizwa, na si kila mara huulizwa kwa upole. Mwaka huu ilikuwa imekawia. Mahindi yalikuwa yamepandwa mara mbili.

Wabwile alipata nafasi ya pumzi moja tu. Alimwangalia dada yake pale gizani, meno yote nje, akingoja kuambiwa yeye ni nani.

"Mtazameni mama huyu," akasema. "Amelea watoto kwa jasho lake. Mama kama huyu ndiye nguzo ya dunia!" Na kwa hofu hakuweza kukoma. Alimsifu, akamsifu, akamwongezea hata mstari wa Biblia, mpaka picha yake ikapita. Ukumbi ukapiga makofi. Nelima alijifuta macho kwa upindo wa leso.

"Hakusema hivyo!" yule kijana wa mwanzo akapaza sauti. "Spika, si hivyo alisema!"

Wabwile hakugeuka. Lakini kutoka kwenye mashine, Jerono alikuwa anamtazama.

Alimfuata nje watu walipokwisha kutawanyika. "Mzee Wabwile, najua ni dadako. Hata mimi hilo neno sikulipenda. Nililisema, wenye filamu wakaniambia imeshamalizika." Aliongea kwa adabu, na kwa kweli alionekana amechoka. "Lakini ukibadilisha moja, hata yale ya ukweli wataamini aje? Kesho Bungoma sema yenyewe. Ama nitafute mtu mwingine."

Mtu mwingine! Mtu mwingine angelitupa neno lile kama jiwe na kwenda zake kunywa chai. Wabwile akasema atakuja.

Asubuhi Nelima alikuwa tayari kando ya pikapu, gauni lile lile, kikapu mkononi. Bungoma watu wa Bumula wangekuwepo, na Bumula ndiko walikozaliwa wote wawili. Alikuwa amewapigia simu shangazi zake.

Walipita Kiminini Nelima akiwa anaongea. Walipokaribia Kamukuywa akauliza, "Yule kijana wa jana alisema nini?"

"Kijana gani?"

"Wabwile. Usinicheze."

Wabwile akaegesha kando ya barabara. Upande wa kushoto kulikuwa na shamba la mahindi yaliyofika gotini yakachoka hapo. Akamwambia. Alimwambia neno kwa neno, kwa sababu njia nyingine ya kusema hakujua.

Nelima aliyageukia yale mahindi.

"Mwizi wa mvua," alisema. "Mimi." Halafu, "Na yale yangu? Niliongea mingi siku hiyo. Yaliingia?"

"Yaliingia. Lakini Kiingereza iko juu yake."

"Na wewe ukaongea juu ya Kiingereza."

"Nilikuwa nakuficha, dada."

"Basi mlinifunika wawili." Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Wabwile kuliko tusi. "Si ulisikia nilisema nini?"

Wabwile, mtu ambaye aliwahi kutafsiri mahubiri ya nusu siku bila kupoteza "amina" hata moja, hakuwa amelishika hata neno moja. Sauti ya dada yake ilikuwa imepita masikioni mwake, kwa lugha ya mama yao, naye alikuwa anapiga kelele.

"Sikusikia," akasema.

"Leo utasikia. Kama utanyamaza."

"Na lile neno? Unawajua watu wetu na mambo ya mvua. Wakilishika vibaya..."

"Sema tu." Sasa sauti yake ilipanda. "Nilikusomesha ndio uniambie watu wanasema nini. Na wewe unaniambia vile hawajasema!"

Akawasha gari.

Ukumbi wa Bungoma ulijaa mpaka watu wakaketi juu ya ngoma za kwaya. Wabwile alifunga vipaza sauti vya pikapu yake mwenyewe, akaviunganisha na mashine ya filamu, akavikagua, akavikagua tena. Safari hii hakuthubutu kugusa nyayo. Alisema "alama ya moshi", na mzee mmoja akainua mkono kuuliza, hiyo alama ya moshi ni ya chama gani. Watu wakacheka. Wengine waliguna, wakasema ni siasa za kuwatoa watu mlimani. Mwanamke mmoja alisema lawama zigawanywe vyovyote, yeye mbegu yake imeozea ardhini, na waliocheka wakaacha kucheka.

Nelima aliketi katikati ya shangazi zake. Uso wake ulipotokea, walimshika mikono. Yeye alimtazama Wabwile, si picha.

Wabwile alikileta kipaza sauti mdomoni.

"Anasema," akaanza, na wale waliomzoea walishtuka, maana Spika hajapata kusema "anasema". "Anasema, mtazameni mwizi wa mvua. Anasema kila gunia mama huyu analouza, ni mvua anawaibia wajukuu wake."

Hapo kazi ya bomba ilikuwa imekwisha. Akaongeza maneno yake mwenyewe.

"Huyu ni dada yangu."

Akazima kipaza sauti cha mkononi.

Mnong'ono ulianzia kwenye mabenchi ya Bumula ukapanda. Mwanamume mmoja alisimama, akanyoosha shingo. "Mwizi wa mvua? Yuko wapi huyo?" Shangazi mmoja alimwachilia Nelima mkono. Kila sehemu ya mwili wa Wabwile ilimtaka awashe kile chombo, aseme lolote, afunike. Hakukiwasha.

Kwenye shuka, Nelima wa picha alifungua kinywa. Neno lake la kwanza lilisikika, Lubukusu safi, lugha ya mama yao, kisha Kiingereza kikamlalia juu, kikatiririka mwendo wake. Lakini Kiingereza kilikuwa na haraka. Kilimaliza, yeye bado. Na kwa kuwa leo hakuna aliyekuwa anamsifu, sauti yake ikatoka wazi kwenye vipaza sauti vya ndugu yake:

"...hata mimi nimepanda mara mbili, imekauka yote. Mkimpata huyo aliyechukua mvua, mniite. Nina maneno na yeye."

Picha ikaruka kwenye jambo lingine, barafu fulani ya mbali ikianguka baharini.

Yule mwanamume alibaki amesimama, kinywa wazi.

"Rudisha hapo," yule mwanamke wa mbegu akamwambia Jerono. "Pale kwa huyo mama. Rudisha nyuma kidogo."

Jerono akarudisha. Barafu ikapanda kutoka baharini, ikarudi mahali pake, na uso wa Nelima ukajaa shuka tena. Wabwile aliinama, akaweka kipaza sauti sakafuni karibu na kiatu chake. Mbele yake watu waliegemea mbele benchi kwa benchi, wakingoja Kiingereza kimalize.