Upande Wangu wa Sinia

...ameusogeza, nimemwona, hapana, sijamwona, nimeona wali umesogea, na wali hauna miguu, kwa hiyo ni yeye, kwa ncha za vidole, wakati ule nilipogeuka kumfukuza kuku, upande wangu ulikuwa unaishia kwenye kile kipande cha kitunguu, nilikiwekea alama kwa jicho tu tulipokaa, maana ya kidole angeiona, na sasa kitunguu kiko katikati ya kilima changu, kilima kimekua, na mama anatafuna huku anatazama mlangoni, uso mkavu kama wa mtu aliyekwisha kuficha kete ya bao, mama yangu mzazi, Batuli, aliyenibeba miezi tisa, ananiibia kwa kunizidishia, sijui kama kuna wizi mwingine wa namna hiyo duniani, mwizi anayeingia akaacha vitu... "Kula, Hawa, wali unapoa," nakula mama, si unaona nakula, hilo tonge la ngapi, la saba, la nane lile dogo silihesabu, hapana, nimeambiwa nisihesabu, basi sihesabu, najua tu kwamba ni la saba. Na huu wali unang'aa. Asubuhi nilimuuliza kabisa, mama, leo wali wa nazi au mweupe, akasema mweupe tu mwanangu, mweupe gani unaong'aa hivi, nautuliza juu ya ulimi nautafuta ule utamu wa nazi, siupati, lakini kutoupata si ushahidi, huenda ametia tui jepesi, ametia kijiko kimoja cha samli, ametia akakoroga akasema bismillahi akafunika... au ni mchele tu, baba anasema mchele mpya wa hapa Chimala unang'aa wenyewe, na baba maisha yake yote ni mashine ya kukoboa, nguo zake zina pumba hata za Idi, lakini baba naye ni mmoja wao, walikaa kikao mimi nikiwa wodini, najua walikaa, walipangana nani atakaa na mimi mchana na nani jioni, baba hajawahi kula nyumbani jioni miaka yote hii, sasa anawahi kuliko kuku.

Jumatatu Mbeya, hospitali. Jumatatu saa tatu mzani, wananipandisha nimegeuka nyuma ili nisisome, kana kwamba mgongo hausikii, na daktari mara ile alisema mbele ya mama, safari hii sitabembeleza, uzito ukishuka hata kidogo ni kitanda, na shule itanisubiri mpaka lini, wale watoto wa darasa la pili walishapewa mwalimu mwingine mara moja, hawapewi mwingine mara mbili na mimi nikarudi nikaitwa mwalimu. Kwa hiyo kula. Ni hesabu rahisi, kula, pandisha, rudi kazini, mtoto mdogo angeifanya, ila mtoto mdogo hana huyu wa ndani anayeuliza kila tonge limetoka wapi na linaenda wapi, kikulacho ki nguoni mwako, wangu hata nguoni hayupo, yuko chini ya ngozi. Dada Yusta wa lishe alinichorea sahani kwenye karatasi, robo wali au ugali, robo maharage au samaki, mboga na matunda upande wote uliobaki, na parachichi, anayapenda maparachichi dada yule kana kwamba shamba ni lake, nikaupenda ule mchoro, nikaupenda mno, nikaubandika ukutani, nikasema sasa nakula vizuri, nakula kiafya, hata mama akafurahi, na wiki ya pili ulikuwa fimbo, wali ukivuka mstari siku nzima najilaumu, mchicha ukiwa mchache najilaumu, mafuta yakibaki kwenye kidole naenda kunawa mara tatu, nikampigia nikamweleza nikidhani atanisifu, akasema, Mwanahawa, hiyo sahani umeigeuza askari, kaibandue, nikaibandua, ukuta bado una alama nne za gundi na mimi bado naiona. Ndipo akasema basi kuleni sinia moja na mama, kwenye sinia hakuna mistari, watu wanakula wanashiba wanaondoka. Mlutheri wa Njombe anajua nini kuhusu sinia? Sinia lina mipaka kuliko mashamba ya Mbarali, kila mtu anakula mbele yake, kupitisha mkono mbele ya mwenzio ni ukosefu wa adabu, nilifundishwa hilo kabla sijaota meno, kula mbele yako Hawa, lakini mkubwa ana ruhusa, mkubwa anachambua nyama anamsogezea mdogo, na ni mapenzi, hayakataliwi, kwa hiyo sheria yote iko upande wa mama, mimi hata nikimshitaki nitamshitaki kwa nani.

Huyo, tena, nyama. Kipande kinene, amekitoa mfupa, amekiweka mbele yangu bila kunitazama. Leo Alhamisi... kila Alhamisi nyama, kwa nini Alhamisi, nimeligundua hilo wiki tatu zilizopita na sijamwambia mtu, ananitega kwa siku yangu mwenyewe, maana Alhamisi ilikuwa yangu ya kufunga, Jumatatu na Alhamisi, "nalipa, mama," maneno mawili tu na mlango unafungwa, nani atakuuliza, mwanamke kila Ramadhani ana siku zake ambazo hafungi, akitoharika anazilipa baadaye, hilo ni kati yake na Mola wake, na mimi nikalipa, nikalipa, nikaongeza Jumatano, nikaongeza sita za Shawwal zikafika ishirini, magharibi tende moja na uji wa kikombe, tumbo limejifunga mama, nimeshiba, na mtaa mzima ukaniona mtoto wa mfano, mama anasimama pale nje na kanga yake anawaambia watu, Hawa wangu, funga kwake ni kama kunywa maji, kunywa maji!, hata alichokuwa anakisema hakukisikia. Na siku zenyewe za kulipa sikuwa nazo. Mwaka ule siku zangu zilikatika tangu mwezi wa pili, Ramadhani nikafunga thelathini bila kuruka hata moja, sidaiwi, nalipa nini, namlipa nani, nimemsingizia Mungu kitu ambacho hakunidai, astaghfirullah, hilo linaniuma kuliko tumbo. Lakini mama je? Hapo ndipo ninapokwama, kila siku, hapo hapo. Mama anayejua kuku gani hajataga leo, mama aliyekuwa akiona ndoo yangu ya kufulia, tulikuwa tunatumia pakiti moja ya pedi na pakiti ikawa yake peke yake, miezi, mwaka, hakuona? Kama hakuona ni kipofu na kama aliona... siwezi kuimaliza hiyo, nikiimaliza sitakula tena kwenye mkono wake, kwa hiyo natazama vidole vyake badala ya uso, vidole nitavikamata siku moja, uso siuwezi.

"Hodi humu! Kamwene!" Nani tena, ni mama Zabron, jirani wa nyumba ya mpapai, ameshika ungo wetu kichwani kama mwavuli, "Kamwene mama, karibu, karibu," anasema mama, amefurahi mno, amefurahi haraka mno, huyu ameitwa, nakula kiapo ameitwa, ungo unarudishwaje saa saba na nusu kamili wali ukiwa kwenye sinia, shikamoo mama Zabron, "Marahaba mwanangu, eeh, nimewakuta mnakula, mama mkwe wangu ananipenda," na mama, "Mgeni njoo mwenyeji apone, nawa ukae," na amenawa, na amekaa, katikati, magoti yake makubwa ya mwanakwaya yako baina yangu na mama, na mkono wake umeingia kwenye sinia, umeingia popote, kwao hawana mambo ya mbele yako na mbele yangu kama sisi, umechota pale pale mpakani, umechota na kwangu, mpaka hakuna. Sasa sijui changu ni kipi. Sijui nimekula kiasi gani wala kimebaki kiasi gani, ananitia hasira, ananitia joto la masikio, na anatafuna, ananitazama, ananitazama mashavu, najua kinachokuja, usiseme, mama Zabron usiseme, "Hawa! Umenenepa we! Shavu limerudi! Umependeza, haki ya Mungu!" Amesema. Hapa kwetu hiyo ni zawadi, mtu anakuletea kama anakuletea mayai, watu wananenepa harusini, wananenepa wakipandishwa cheo, bibi yangu alikuwa analia kwa furaha akiambiwa hivyo, nalijua hilo kwa akili, lakini neno likifika ndani linakuta yule mwingine kasimama mlangoni, analipokea, analigeuza, umeona, si nilikwambia, wote wanaona, acha, osha mkono, inuka sasa hivi... na mkono wa mama umesimama hewani na tonge lake. Ameogopa. Ananiogopa mimi. Lori linapiga honi huko barabara kuu, refu, mpaka Igawa watalisikia, na mkono wa mama bado uko hewani.

"Kwani leo siyo Alhamisi?" mama Zabron anaendelea, hajui amesimama juu ya nini, "mimi nilijua nyie leo mmefunga, nimeleta ungo tu, sikutegemea wali hata kidogo." Sasa tutaona. Sasa utasema nini mama, utasema Hawa kapumzika kidogo, utasema tutafunga wiki ijayo inshallah, utaipaka mafuta kama ulivyoipaka miaka miwili, nakungoja, nimeacha kutazama vidole, nautazama uso... "Hatufungi Alhamisi siku hizi, mama Zabron," anasema, analirudisha tonge kwenye sinia, "haikuwa funga ile. Hawa alikuwa mgonjwa, alikuwa hali." Basi, inatosha, mbele ya jirani inatosha, lakini haachi, "Na mimi nilikuwa naona. Nilikuwa naona mtoto wangu anaisha ndani ya nguo, na mambo mengine ya kike nilikuwa naona, nikanyamaza. Watu walikuwa wananisifia nimelea vizuri. Nikazipenda zile sifa." Mama Zabron amesema eeh, halafu akasema polepole, "Pole dada. Na mimi nilikuwa mmoja wao, wa kusifu. Hadi kwaya niliwatolea mfano, nikawaambia mtazameni yule binti wa Kiislamu." Na mama amecheka, cheko lililovunjika katikati, na sasa anafuta macho kwa mgongo wa mkono kwa sababu vidole vina wali.

Alijua. Nilikuwa sahihi, kumbe muda wote nilikuwa sahihi, nilidhani siku nikijua nitapindua sinia, nilijiandaa hata maneno, nililala nayo maneno yale, na sasa siyaoni, ninachoona ni mwanamke mnene wa miaka hamsini na mbili anayelia juu ya wali mbele ya jirani, aibu yote ameitoa hapa mchana kweupe, mama ambaye hata deni la chumvi hataki majirani walijue, na sikumwomba, na hakuna aliyemlazimisha... lakini labda, labda walipanga na mama Zabron, labda dada Yusta alimfundisha aseme hivyo, dada Yusta ana mbinu zake... hapana. Hakuna anayejifunza kulia na makamasi namna hii. Na mimi, mimi nilimdanganya kwa jina la Mungu Jumatatu na Alhamisi, yeye akanyamaza kwa sababu ya majirani, tulisaidiana, tulikuwa wawili, naumia mama, naumia na nimekukasirikia na nakuonea huruma, vyote mara moja, sijui kipi kitangulie. Na mdomo unatafuna. Mdomo wangu unatafuna nini? Ile nyama, ile ya kutegwa, imekwenda, na baada yake maharage, na wali, tonge moja, matatu, wakati mama anasema mkono wangu umekuwa ukienda na kurudi bila ruhusa, hakuna aliyeulinda, mama anatazama magoti yake, mama Zabron anatazama ungo, na yule wa ndani ndiyo kwanza anafika anahema, anauliza ngapi, ngapi, sijui ngapi, nilikuwa namsikiliza mama. Anasema basi itabidi jioni usile... namsikia, sauti yake naijua kuliko yangu, hajaondoka na wala sitazamii kwamba ataondoka leo, lakini kuna kitu kingine chini yake, chini ya mbavu, kinavuta taratibu, nilidhani ni hofu, si hofu, ni njaa. Njaa tu. Ya mtu anayekula na bado hajashiba. "Mama," nasema, na sauti inatoka ya kitoto, "ukoko upo?" Ananitazama. Ananitazama kwa macho yangu mwenyewe, macho membamba, anatafuta mtego uko wapi, mtoto huyu anataka nini, anataka kumpa kuku, anataka kuutupa, ukoko una mafuta yote ya sufuria, anajua kwamba najua, na namwacha anitazame anavyotaka, ana haki, mimi nimemtazama hivyo miezi mingapi... "Upo," anasema mwishowe, "nilitaka kuuloweka." "Usiuloweke, nautaka." Amenyanyuka, ameshika bega la mama Zabron kujiinua, kanga imemdondoka na hakuiokota, na huko jikoni nasikia kijiko kinakwangua sufuria, kinakwangua kwa nguvu, mama Zabron anasema na mimi uniletee kidogo, na hapa kwenye sinia wali unapoa na mimi naendelea kula.