Bamba la Kofia za Fundo

Tangu alipomaliza uradi wa asubuhi, Bi Asya hakukalika. Mara atoke uani kulitazama jua, mara arudi stoo kuligusa tena tambara alilozibia dirisha. Humo ndani, chini ya taa nyekundu, binti yake Laila alikuwa akibandika utando kwenye bamba la aluminiamu jembamba kama karatasi.

Utando ule ulikuwa kipande cha mwisho, na wenyewe hautaki mwanga kabla ya wakati wake. Kwanza huwekewa juu mchoro wa vitone vyeusi, ndipo ukatolewa juani. Palipopigwa na jua hukamata kwenye bamba. Palipofunikwa na kitone hubaki laini, magadi yakapaosha, kisha maji ya mrututu, dawa ile ya buluu yenye shaba, na chumvi yakalila bamba hapo mpaka yakapatoboa. Kwa bamba hilo la vitundu, mwanamke yeyote hupiga chapa kitambaa cha kofia ya viua, akakaa kushona.

Mchoro ulikuwa wa Bi Mwatum wa kisiwa cha Fundo. Wenzake kisiwani wote hushona kwa michoro yake, na sasa mkono unamtetemeka, macho yameingia ukungu. Siku hiyo mwanawe alikuwa anampeleka Unguja kutibiwa. Bamba lisipopatikana, anawaacha wenzake bila kitu cha kushonea.

"Mama, tulia. Unanitia wahaka," alisema Laila.

"Nitulie vipi na mawingu yale?"

"Hodi wenyewe!" ikaja sauti mlangoni.

"Karibu!" akajibu Bi Asya. Maisha yake yote hajaiacha hodi ya mtu ikae bila jibu.

Mlango ukafunguka, jua likaingia lote.

"Mama!" Laila akapiga ukelele. Bi Asya akajitupa mbele ya meza, mikono kaitanua kama anayezuia kuku. "Funga, Bi Mwatum! Funga!"

"Makubwa! Karibu, tena funga? Mnakula nini humo?"

Mlango ulipofungwa, hakuna aliyecheka. Laila alilichungulia bamba. "Nusu hii imeshaona mwanga, haitatoboka. Hii iliyopata kivuli chako, Mungu ndiye ajuaye."

"Astaghfirullah," Bi Asya alisema. "Ni ulimi wangu huu."

"Kwani ulitaka uninyamazie mlangoni?" Bi Mwatum akakaa mkekani. "Endeleeni. Mwanangu yuko barabarani na gari, hana subira huyo."

Wakaliwekea mchoro, wakalitoa juani, wakaliosha kwa magadi, wakalitia kwenye beseni la mrututu. Maji yakachemka povu, yakatoa tope jekundu. Bi Asya alikuwa akisogea, akirudi, akisogea tena.

"Usiliguse!" alisema Laila.

Lilipotoka, Bi Mwatum akalipapasa kwa kidole. "Huku vipo. Huku hakuna kitu." Akalipapasa tena, polepole. "Viua vyangu mie vinarudiana. Piga hii nusu, sogeza, piga tena."

Bi Asya akakaa naye mkekani, akalaza bamba juu ya kitambaa, akapitisha buluu ya kufulia, akasogeza, akapitisha tena. Honi ikalia nje.

"Pamekutana?" Bi Mwatum aliuliza. Mwenyewe hakuona ila weupe na kivuli.

Pale kwenye kiungo, kitone kimoja kilikuwa kimekipanda kingine kwa unywele tu. Mshonaji gani angekiona? Honi ikalia tena. Laila alimtazama mama yake, akainamisha kichwa, kama kumwambia: itikia.

"Bado," alisema Bi Asya. "Kitone kimoja kimekipanda kingine."

"Basi kofia itapinda. Futa, rudia."

Akachukua kitambaa kingine. Safari hii alishusha pumzi, akasema bismillahi, akasogeza bamba kwa ncha za kucha.

"Na sasa?"

Alikagua kiungo mwanzo hadi mwisho, kisha akakirudia. "Sasa pamekutana, Bi Mwatum. Wallahi."

Bi Mwatum akainuka, akajitengeneza buibui. "Haya. Naweza kwenda. Wakija wa Fundo, waonyeshe pa kusogeza."

Gari liliondoka. Bi Asya hakuinuka mkekani. Alikuwa ameshatandika kitambaa cha tatu, ajaribu tena pale pa kusogeza kabla wa Fundo hawajaja.