Vitalu Viwili vya Kichaka Kimoja

Jumanne, tarehe tisa Machi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa ya vitalu, na manyunyu yalikuwa mepesi kiasi kwamba mtu alilowa bila kujua ameanza kulowa wapi.

Babu Shule alifungua kitalu cha juu, akavua kofia, akasali kama alivyozoea kabla ya kushika ndoo. Jina hilo alibandikwa na wenzake tangu alipoanza masomo ya jioni akiwa tayari ana wajukuu, naye hakulikataa. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa uzima, na kwa kila jani lililosimama mbele yake. Alipofumbua macho, akaona maua ambayo hayakupaswa kuwepo pale.

Bustani ile ilitunza vichaka vya aina mbili, adimu kama meno ya kuku, vyote vimeshushwa kutoka mlima mmoja. Cha kitalu cha chini kilijulikana tangu zamani: majani membamba yenye vinyweleo, maua yenye nyuzi ndefu zilizojaa unga wa njano. Cha kitalu cha juu kilikuwa na majani mapana, laini, na maua madogo ya kijani yasiyo na unga wowote. Hicho kilitambuliwa na Daktari, mtaalamu wa mimea wa bustani, naye akakipa jina la marehemu mama yake. Mama huyo ndiye aliyempandisha mlimani mara ya kwanza, amembeba mgongoni, akienda kutafuta kuni. Jina lake liliandikwa kwenye kibao mlangoni, na Babu Shule alilipangusa vumbi kila asubuhi.

Ili aina hizo zisichanganyike, sheria ilikuwa moja. Atokaye kitalu kimoja avue koti, anawe mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, ndipo aingie kingine. Babu Shule hakuwahi kuivunja hata siku moja.

"Mikono yako ni safi kuliko ya mkunga," ndivyo Redio, mwenzake wa kumwagilia ambaye mdomo wake haukujua kuzimwa, alivyozoea kumtania.

Pamoja na usafi wote huo, hakuna kichaka kilichowahi kuzaa tunda tangu kishushwe. Na kule mlimani moto ulikuwa umepita, ukaacha vichache vya kuhesabika. Kila mfanyakazi alijua kwamba vya bustanini vikizeeka bila mbegu, basi, habari yao imekwisha.

Sasa kwenye kona ya kitalu cha juu, kichaka ambacho hakikuwahi kuchanua kilikuwa kimechanua. Majani yake yalikuwa membamba kuliko ya wenzake, na Babu Shule siku zote alidhani ni unyonge wa kukaa kivulini. Lakini maua yale yalikuwa na nyuzi ndefu na unga wa njano. Maua ya kitalu cha chini.

Mkuu wa bustani alikuja, akatazama, akakunja uso.

"Umechanganya miche, mzee."

"Sijachanganya, mkuu."

"Basi kimepanda ngazi chenyewe usiku?"

Babu Shule aliinama kuyatazama tena maua yale.

"Mwenye ufunguo ni wewe," mkuu akasema. "Mchana nitataka maelezo mbele ya wote. Na yakiwa si ya maana, ufunguo utautua mezani kwangu."

Daktari alifika mkuu akiwa ameshaondoka. Hakuuliza nani kafanya nini. Alipiga magoti kwenye tope na sketi yake ya kazini, akatoa kioo cha kukuzia, akalishika ua kama mama anayekagua vidole vya mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Babu Shule alipenda kumtazama akifanya kazi. Mwanamke yule hakuwahi kuliambia jani kuwa ni nani, alilisubiri lijitambulishe. Alikaa hivyo mpaka miguu ya Babu Shule ikaanza kufa ganzi kwa kumhurumia.

Kisha alilichuma ua moja, akalichana katikati kwa wembe, na pembeni yake akalichana la kijani.

"Hebu tazama. Hapa katikati."

Babu Shule aliinamia kioo. Kwenye ua la njano, mahali ambapo tunda hutungwa, palikuwa na kinundu kikavu kisicho na uhai. Kwenye ua la kijani kinundu kilikuwa kimenona, lakini nyuzi zake zilikuwa vishina vitupu.

"Kila mmoja ana kile alichokosa mwenzake," alisema taratibu.

"Ndiyo." Sauti ya Daktari ilikuwa imeshuka. "Mbegu za kitalu hiki nilizichuma kwenye kichaka kimoja, nawe ndiye uliyezipanda. Wakati huo cha chini kilikuwa hakijashushwa hata jani. Sasa nijibu. Kuna mche uliokufa hapa, ukaja ukaweka mwingine kutoka chini?"

Hapo ndipo Babu Shule alipoelewa. Kama hawa wawili ni mume na mke, basi aina ni moja, na kwa sheria ya kazi ile jina la kwanza hubaki, la pili hufutwa. Jina la mama. Akisema ndiyo, niliweka, mambo yanaishia hapo: yeye anarudisha ufunguo, na kibao kinabaki mlangoni.

Aliomba moyoni, lakini ulimi ukatangulia sala.

"Daktari, ukitaka, naweza kusema niliweka."

Daktari alikishusha kioo.

"Nimekuuliza uliweka au hukuweka."

"Sikuweka."

"Basi."

Alifuta wembe kwenye sketi. "Mama alinichapa mara moja tu maishani. Alikuja jirani mmoja mwenye maneno mengi, nami kwa kumhurumia mama nikasema hayupo. Naye yuko jikoni, ananisikia. Unataka anichape tena kutoka huko aliko?"

Babu Shule alicheka, kisha akageukia ukutani apanguse macho.

Mchana, wote walikusanyika mlangoni pa kitalu cha juu. Mkuu alifungua mdomo, lakini Daktari alimtangulia. Aliwaeleza yote na kuwaonyesha maua, tena kwa furaha, kama mtu anayetangaza posa.

"Ngoja kwanza," Redio alisema. "Miaka yote hii tumewapangia mke na mume vyumba tofauti?"

"Na salamu tukawanyima," mwingine akadakia.

"Ndiyo maana hawazai. Hata mimi nisingezaa."

"Lakini majani yao hayafanani," mkuu alisema.

"Mkuu, kwani wewe na mama watoto mnafanana?" Redio aliuliza, na hata mkuu akacheka.

Kisha mkuu akasema, kwa sauti ya chini, "Na jina la mama, Daktari?"

"Linaondoka. La zamani ndilo linalobaki. Nitaandika mwenyewe kwamba nilikosea, kabla hajaniandikia mtu mwingine."

Alitoa bisibisi mfukoni mwa koti, akafungua skrubu za kibao moja baada ya nyingine. Babu Shule alitazama chini. Alifikiri hajawahi kumwona mtu akishuka namna ile na kuonekana amepanda.

"Mama alipenda wajukuu kuliko vibao," Daktari alisema, akakiweka mkobani.

Mkuu alimwendea Babu Shule, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Nisamehe, mzee wangu."

"Yamekwisha, mkuu."

Daktari akampa Babu Shule brashi laini, aende chini akachukue unga wa njano, aulete kwenye maua ya kijani. Babu Shule alishuka, akajaza brashi, akapanda tena; na kwa mazoea akasimama penye bomba, akalifungua, akakunja mikono ya shati.

"Babu, wapi tena?" Redio aliita. "Bibi harusi anasubiri."

Watu wakaangua kicheko. Babu Shule aliutazama mkono wake wenye unga, akalifunga bomba.

"Tuahidi basi, Babu," Daktari alisema. "Mbele ya hawa wote."

Babu Shule alivua kofia.

"Mbele za Mungu," alisema, "na mbele ya mkuu, na Daktari, na Redio ambaye kesho mji mzima utakuwa umesikia kwake, naahidi: kati ya vitalu hivi viwili sitanawa mikono tena."